Maji ya Bomba na Maji ya Mvua katika Kiwanja cha Farasi

Yako mabishano ya siku nyingi katika Uingereza juu ya mbio za farasi, nami napenda kuyaleta mbele ya wasomaji wa gazeti letu, maana ndani yake mna jambo la haki, jambo la huruma kwa mnyama, na tena elimu ya udongo na hewa tuisomayo darasani. Mabishano yenyewe ni haya: jua likikausha kiwanja cha mbio, je, ni halali msimamizi wake kukimwagilia maji, au aiache ardhi kama Mungu alivyoijalia siku ile?

Najua wako watakaouliza, Mbio za farasi zatuhusu nini sisi? Wengi wetu hatujapata kupanda farasi, na habari za kuweka fedha juu ya farasi si za kufundishana katika gazeti la shule. Mimi pia siandiki habari za kamari. Lakini kila mwanafunzi aliyepata kucheza mpira anajua kwamba kiwanja cha kiangazi si kiwanja cha masika. Wakati wa jua mpira hudunda kama juu ya sakafu, na aangukaye huchunika magoti. Wakati wa mvua mwenye mbio hukwama, na mwenye nguvu na pumzi ndiye hutamba. Mambo hayo hayo humpata farasi, ila kwake ni makubwa zaidi kwa sababu ya uzito wa mwili wake na wembamba wa miguu yake.

Na tuutazame kwanza mguu huo. Farasi wa mashindano ana uzito wa kilo 500 hivi, naye hupita mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Akiwa katika mbio kali, kuna nukta ya wakati ambapo mguu mmoja tu wa mbele uko chini, na mguu huo huchukua mzigo upatao mara mbili na nusu ya uzito wake wote, yaani zaidi ya tani moja. Na chini ya goti lake hamna nyama ya kupunguza kishindo, ila mfupa, kano na ngozi. Ardhi ikiwa ngumu kama tofali, kishindo chote hurudi katika mfupa na viungo. Ikiwa tope zito, ukwato huzama, kano huvutwa kila hatua, na mnyama huchoka mapema. Na farasi aliyechoka hukosea hatua. Kwa hiyo ardhi iliyo njema kwake ni ile ambayo ukwato huingia kidogo, ukashika, kisha ukatoka bila kung'ang'aniwa.

Waingereza wameigawa hali ya ardhi ya majani katika daraja 7: ngumu sana, ngumu, nzuri yenye ugumu kidogo, nzuri, nzuri yenye ulaini kidogo, laini, na nzito. Zamani msimamizi alitembea kiwanjani akichoma ardhi kwa bakora yake na kuipiga kwa kisigino, kisha akatangaza jinsi alivyoona. Siku hizi anacho chombo mfano wa fimbo chenye ncha ya chuma. Hukichoma ardhini, kikapima nguvu iliyotakiwa ili kuingia. Halafu hukivuta upande, kikapima jinsi udongo na mizizi vinavyoshikana. Hufanya hivyo mahali pengi katika kiwanja, na mwisho hupata namba. Namba ikipanda, ardhi ni ngumu zaidi. Katika Australia daraja zenyewe huandikwa kwa namba, toka 1 hata 10: namba 1 na 2 ni ardhi ngumu, 3 na 4 ni nzuri, 5 mpaka 7 ni laini, na 8 mpaka 10 ni nzito.

Msidhani kwamba daraja hizo ni mapambo ya wataalamu. Farasi hawakuumbwa sawa. Yuko arukaye vizuri juu ya ardhi kavu, na yuko apendaye tope, kama vile mchezaji mmoja wa mpira hupotea siku ya mvua na mwingine huonekana siku hiyo tu. Mwaka 2009 Sea The Stars, ambaye alikuwa amekwisha kushinda Derby ya Epsom, hakupelekwa kwenye Derby ya Ireland kwa sababu wenyewe waliogopa ardhi laini. Mwaka 2012 Frankel alikimbia mbio yake ya mwisho huko Ascot juu ya ardhi iliyolowa sana, na watu wengi walikuwa na wasiwasi. Walakini alishinda, akastaafu akiwa amekimbia mara 14 bila kushindwa hata mara moja. Basi anayebadili ardhi, hubadili mashindano. Hapo ndipo mkono wa mwenye bomba la maji unapokuwa mkono wa kuangaliwa.

Ardhi yenyewe hubadilishwa na nini? Kwanza mvua, lakini si mvua peke yake. Milimita 10 zikinyesha polepole usiku kucha juu ya ardhi kavu, huingia zote. Milimita zile zile zikishuka kwa dakika 20, nyingi hutiririka juu na kupotea. Pili, udongo. Newmarket iko juu ya mawe ya chokaa, na maji hushuka upesi; kiwanja chenye udongo wa mfinyanzi hushika maji siku nyingi, na kikikauka hupasuka. Tatu, jua na upepo. Katika siku ya joto yenye upepo, majani na udongo wa Uingereza huweza kupoteza milimita 4 au 5 za maji. Watu wengi husahau upepo. Wao hutazama mawingu tu. Lakini siku moja ya upepo mkavu huweza kuharibu kazi ya mvua ya jana.

Kwa wale wapendao hesabu, fikirini hivi. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Njia ya mbio yenye urefu wa kilomita 2 na upana wa mita 25 ina mita za mraba 50,000. Ukitaka kuipa milimita 10, utahitaji lita 500,000, ambazo ni tani 500 za maji. Na jua la siku mbili tatu laweza kuzichukua zote tena. Ndiyo sababu msimamizi wa kiwanja hulala akisikiliza habari za hewa kama mkulima aliyepanda mahindi.

Maji yakizidi kila mtu huona hatari yake. Mwezi wa Agosti mwaka 2008 mashindano makubwa ya York yalifutwa yote kwa ajili ya mvua. Kiwanja cha York kiko katika bonde la Knavesmire, nalo ni mahali pa chini penye asili ya bwawa. Ardhi ikashiba, isiweze kupokea tena. Mbio yao iliyo kuu ikahamishiwa Newmarket. Mwaka 2001 mashindano ya Grand National huko Aintree yalikimbiwa katika tope kubwa mno. Walianza farasi 40, wakamaliza 4 tu, na wawili katika hao walikuwa wamekwisha kuwaangusha wapandaji wao, nao wakapandwa tena. Red Marauder, aliyeshinda, alitumia dakika 11. Kweli tope halikuwa sababu peke yake, maana farasi aliyempoteza mpandaji wake aliwazuia wenzake penye kiunzi kimoja, wengi wakaishia hapo. Lakini aliyeona siku ile hatasema kwamba ilikuwa mbio; ilikuwa safari ya kutafuta nani atasalia.

Ukavu nao una hila zake, na hizi ndizo mbaya zaidi kwa kuwa hazionekani. Mwezi wa Septemba 1989 huko Doncaster, baada ya miezi ya ukame, farasi kadhaa walianguka katika mbio zisizo na kiunzi chochote cha kuruka. Majani yalikuwa mazuri machoni, lakini chini yake mlikuwa na mashimo yaliyojificha. Mashindano yakasimamishwa, na St. Leger, mbio ikimbiwayo tangu mwaka 1776, ikachukuliwa mpaka Ayr katika Scotland. Tena uchunguzi wa mbio za kuruka viunzi umeonyesha kwamba ardhi ikizidi kuwa ngumu, hatari ya farasi kuanguka na kufa huzidi pia. Kwa hiyo sheria ya Uingereza hukataza kabisa mbio za viunzi juu ya ardhi ngumu sana.

Sasa tuje kwenye mabishano. Kundi la kwanza husema, Acheni ardhi kama ilivyo. Hao wana neno. Husema kwamba farasi wa ardhi kavu ana haki ya kupata siku zake za jua, kama farasi wa tope apatavyo siku zake za mvua. Mwenye farasi wa ardhi kavu amesubiri miezi, amelipa mtunzaji, amesafiri usiku. Akifika anakuta bomba limefunguliwa jana, na ardhi si ile aliyoijia. Tena husema kwamba farasi akizaliwa na kufundishwa juu ya ardhi iliyobembelezwa, mifupa yake haitapata kujizoeza.

Nawaheshimu watu hao, lakini siwafuati mpaka mwisho. Farasi hakuchagua kukimbia. Sisi tuliomtia hatamu ndio tuliomleta uwanjani, na mwenye kumleta mnyama mahali ana wajibu juu ya mahali hapo. Mwenye farasi akiona ardhi ni ngumu mno anaweza kumrudisha nyumbani. Farasi mwenyewe hawezi kusema neno. Kumwachia jua liamue, hali maji yapo na bomba lipo, ni kujificha nyuma ya jina la Mungu ili tusifanye kazi yetu.

Kundi la pili husema, Mwagilieni daima, ili kila siku ya mbio ardhi iwe moja, na kila mtu ajue atakayoikuta. Hao nao wana neno, maana wenye farasi hawatawatoa farasi wao juu ya ardhi ngumu. Mbio iliyoandikiwa 12 hubaki na 4, na watazamaji huondoka wakinung'unika. Lakini hapa naona hatari tatu.

Hatari ya kwanza ni kwamba maji ya bomba hayaanguki sawasawa kama maji ya mvua. Upepo huyapeleka upande mmoja. Mashine hukwama mahali, ikamwaga zaidi hapo. Matokeo yake upande wa kulia ni laini na wa kushoto ni mgumu, na farasi aliyepangiwa upande ulio mwema amekwisha kupata msaada kabla ya kuanza. Hatari ya pili ni ya mizizi. Majani yanayopewa maji kidogo kidogo kila siku hayana haja ya kuteremsha mizizi chini. Hubaki juu juu, na ukwato ukipita huyang'oa mabonge mabonge. Kila mwenye bustani anajua jambo hili. Hatari ya tatu ni kubwa kuliko zote: mtu humwaga milimita 15 kwa kuamini kwamba jua litaendelea, na usiku wa kuamkia mashindano mvua ikashuka. Ardhi ambayo ingalikuwa nzuri huwa nzito. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na sijui mahali methali hiyo inapotimia kwa usahihi zaidi kuliko katika kiwanja cha farasi.

Basi mimi nashika njia ya tatu, nayo ina masharti matatu.

Sharti la kwanza: maji yamwagwe kwa ajili ya mguu wa farasi, wala si kwa ajili ya kupendeza mtu. Halmashauri itawalayo mbio za farasi katika Uingereza imekwisha kuweka kipimo: mbio zisizo na viunzi zilengwe ardhi nzuri yenye ugumu kidogo, na mbio za viunzi zilengwe ardhi nzuri. Naona kipimo hicho kina busara, maana hakitaki kuua ukavu wote. Kinaondoa tu ule unaovunja mifupa. Msimamizi akiisha kufika hapo, afunge bomba. Asiendelee eti kwa sababu mwenye farasi mashuhuri amepiga simu akasema farasi wake hapendi ardhi kavu. Siku msimamizi atakapomwagilia kwa ajili ya farasi mmoja, amekwisha kuwa mmoja wa washindani.

Tena bomba si dawa pekee. Kwa Grand National ya mwaka 2024 wenye Aintree waliurudisha nyuma wakati wa kuanza, toka saa 11 na robo jioni mpaka saa 10, kwa sababu jioni ardhi huweza kuwa imekauka zaidi. Nao wakapunguza idadi ya farasi toka 40 mpaka 34. Huko Ascot mwaka 2019, vuli ilipokuwa na mvua nyingi, baadhi ya mbio zao kubwa zilihamishiwa njia ya ndani, ambayo kwa kawaida ni ya mbio za viunzi, na iliyokuwa kavu zaidi. Mambo hayo mawili yanafundisha kwamba mtu mwenye akili huweza kubadili saa, au njia, badala ya kushindana na hewa.

Sharti la pili: kila lita itangazwe. Katika Australia taarifa ya kiwanja hutaja mvua iliyonyesha kwa saa 24 zilizopita na kwa siku 7, na hutaja pia maji yaliyomwagwa na watu. Mtu akisoma hiyo, yu sawa na mwenzake: tajiri mwenye farasi 100 na maskini mwenye mmoja huona namba zile zile. Lakini kutangaza baada ya kumwaga hakutoshi. Msimamizi aseme mapema, Jua likiendelea mpaka siku fulani, nitamwaga milimita kadha. Mvua ikija, sitamwaga. Kwa njia hiyo hata akikosea, kosa lake litakuwa la mtu mwaminifu aliyedanganywa na mawingu. Akimwaga usiku kwa siri, hata akipatia, watu watamshuku, na shuku ikiingia katika mchezo haitoki upesi.

Sharti la tatu: mvua iachwe kuwa mvua. Tusitake kuigeuza ardhi ya majani kuwa sakafu. Wanaotaka ardhi isiyobadilika sana wamekwisha kutengenezewa njia za mchanga uliochanganywa na nta na nyuzi; mbio za kwanza za namna hiyo katika Uingereza zilikimbiwa Lingfield mwaka 1989. Wao waende huko, na kuna faida yake. Lakini majani ni kitu hai. Utamu wa mbio za majani ni kwamba farasi yule yule huwa bingwa mwezi wa Juni na huwa mtu wa kawaida mwezi wa Oktoba, na mwalimu wake hana budi kumjua yeye, na kuijua ardhi, na kuijua hewa. Tukiondoa hayo, tutakuwa tumeondoa nusu ya elimu ya mchezo.

Wengine watasema, na maji yenyewe je? Mwaka wa ukame, wakati watu wanakatazwa kumwagilia bustani, ni haki kiwanja kumwaga tani 500? Swali hili ni zuri, na jibu langu ni lile lile la sharti la kwanza. Tani 500 za kuzuia mfupa usivunjike naweza kuzitetea mbele ya mtu yeyote. Tani 500 za kumridhisha mwenye farasi siwezi. Na kiwanja chenye busara huchimba lambo lake la kukinga maji ya mvua ya kipupwe, kikayatumia kiangazi, kama mtu awekaye akiba ghalani.

Jirani zetu wa Kenya wanacho kiwanja cha Ngong, Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1954, na farasi hukimbia huko juu ya majani. Wanafunzi wa kwetu watakaopata nafasi ya kufika huko, hasa kabla na baada ya masika, nawasihi wasitazame farasi tu. Watazame chini. Wabonyeze udongo kwa kisigino, waulize mvua ilinyesha lini na maji yalimwagwa lini, kisha wakisie mshindi atakuwa wa namna gani. Jua la karibu na ikweta si jua la York, na mvua yetu hushuka kwa kishindo. Kwa hiyo hesabu za Uingereza hazifai kunakiliwa tu. Ni lazima mtu apime ardhi yake mwenyewe.

Na hapa shuleni, wale mliopewa kazi ya kutunza kiwanja cha michezo, jambo hili ni lenu pia. Mkimwaga maji kabla ya siku ya mashindano ya mabweni, mwageni kwa usawa toka mwisho huu hata mwisho ule, mwageni kwa ajili ya magoti ya wakimbiaji wote, na andikeni ubaoni kiasi mlichomwaga na saa mliyomwaga. Bweni litakaloshindwa litalalamika bado, maana ndiyo tabia ya washindwa. Lakini halitapata neno la kusema juu yenu.